Sababu Zako za Umbria Nimezisoma

Makere,
Kasulu, Kigoma.
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Niyubahwe,

Amahoro, mwana wa mama. Hujambo? Shemeji Matteo hajambo? Ule mgongo uliomlaza kitandani wakati wa Pasaka umepona, au bado anatembea ameinama? Na wewe, lile koo limekuachia? Funika shingo. Nimekuambia tangu ukiwa mdogo, hukusikia, ukaenda kuolewa nchi ya baridi.

Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu, ingawa nikisema wazima ujue ni ule uzima wa kuamka na kusimama. Mume wangu Pasikali kikohozi hakijamwacha, ila shambani anakwenda. Maharage tumeshapiga, yako ndani. Mahindi ni ya wastani, mvua ilituacha mapema. Wenzetu wa Kitanga ndio waliovuna. Binti yangu Mpawenimana amejifungua salama kule kwake Kasulu mjini, mtoto wa kike, ana sauti kama yako ulipozaliwa, majirani wote wanajua yupo. Kwa hiyo umekuwa bibi, jiandae.

Mama nitamfikia. Usiruke mistari kumtafuta.

Usishangae kuona karatasi siku hizi za simu. Padre Tharsisi wa parokia yetu anakwenda Roma kwa masomo, nimemwomba aibebe, na huko ataitia posta. Simu ningeweza kupiga. Lakini kwenye simu wewe ukisikia habari za mama unalia, na ukishalia mimi ndiye ninayeanza kukubembeleza, mwisho salio linakatika kabla sijasema langu. Humu nitasema mpaka mwisho, nawe utalia ukishamaliza kusoma.

Haya, tuje kwenye hiyo Umbria yako ya Italia.

Umeniandikia kurasa nyingi kunieleza kwa nini nikija kupumzika nije huko kwenu na si Toscana, wala kule pwani wanakokimbilia wote, ukaniwekea na kijitabu cha picha. Nimesoma sababu zote. Nimezisoma peke yangu, nikamsomea Pasikali, nikazirudia tena nikichambua maharage. Mdogo wangu, unajua kuuza mahali. Ungefungua duka Kasulu wengine wangefunga.

Unasema kuna vilima vya kijani, kimoja nyuma ya kingine, na asubuhi ukungu unalala mabondeni mpaka jua likolee. Niyu, mimi leo nimefungua mlango nikaona nini? Vilima na ukungu. Hiyo haiwezi kuwa sababu ya kupanda ndege. Ila nimeitazama sana ile picha ya kilima chenye mizeituni, nikagundua kwamba hakuna mtu anayekipanda na mzigo wa kuni kichwani. Kilima cha kutazama tu. Hapo nikaanza kukuelewa.

Unasema miji yenu ni midogo, ya mawe, ya tangu enzi, njia zake nyembamba gari haliingii, mtu anatembea polepole na akichoka anakaa kwenye ngazi za kanisa bila kuulizwa anasubiri nini. Unasema wageni si wengi wa kusukumana kama huko Toscana, na bei za vitu haziumi. Unasema ziwa lenu limetulia, jioni watu wanakwenda kukaa ukingoni. Nilidhani wanavua. Nikasoma vizuri: wanakaa. Na Asizi, kwa Mtakatifu Fransisko, ni karibu, naweza kwenda kusali na kurudi siku hiyo hiyo. Hiyo ya Asizi ilimgusa Pasikali mpaka akavua kofia. Lakini nilipofika pale unaposema kuna wageni wanaolipa ili wapelekwe shambani kuchuma zeituni, alicheka mpaka kikohozi kikampanda. Amesema ukiwapata wengine wa namna hiyo uwalete Makere, mihogo ipo, tena yeye hatawatoza kitu.

Kijitabu nilikwenda nacho mpaka Kasulu kwa Zaitun, yule rafiki yangu wa duka la vitenge, ambaye wazee wake walitoka Bagamoyo. Alikifungua ukurasa kwa ukurasa akitafuta bahari. Hakuiona. Akasema likizo bila bahari ni kuhama nyumba tu. Lakini nilipokuwa naondoka akanishika mkono, akasema, Vestina, mtu akikuletea nafasi ya kupumzika ukaikataa, hiyo usiite subira, huo ni ujinga. Nimerudi na maneno hayo njia nzima.

Sasa mama.

Mwili wake una nguvu. Presha imetulia, anakula, na kwa kutembea ananishinda mimi. Akili ndiyo iliyorudi mwaka wa sabini na mbili, ule wa kukimbia Burundi, na huko haitaki kutoka. Kila siku tukishakula chakula cha mchana anatandika kitenge chini, anaweka sufuria ndogo, blanketi na rozari yake, anafunga kifurushi. Anasema wauaji wameshafika ng'ambo ya pili ya mto, tuondoke. Mwanzoni nilimweleza kwamba hayo yalipita, kwamba tuko Tanzania, kwamba sisi ni raia na kadi ya kura anayo. Ananitazama kama mtu anayemchelewesha makusudi ili auawe. Nikajaribu kufunga mlango. Alipiga yowe mpaka watu wakaja na mapanga wakidhani tumevamiwa.

Basi siku hizi naondoka naye. Yeye na kifurushi, mimi na fimbo. Tunapita kanisani, tunashika njia ya barabara kuu, tunakwenda hadi kwenye ile mikaratusi, hapo anachoka. Namwambia kuna nyumba naijua, wanapokea watu. Anakubali, tunageuka. Hiyo nyumba ni hii yetu.

Lakini haingii hivi hivi. Mama yetu ana heshima zake hata akiwa anakimbia. Lazima mwenye nyumba asimame mlangoni amkaribishe, na lazima awe mwanamke. Akimwona mwanamume mlangoni anadhani ni askari, tunaanza safari upya. Pasikali ikifika saa hiyo anajificha nyuma ya banda la mbuzi, kwenye nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Zamani Mpawenimana ndiye aliyekuwa anasimama mlangoni. Tangu alipoolewa hakuna. Kwa hiyo namkalisha mama kwenye lile jiwe la njia panda, namwambia mama ngoja nikawaulize kama wana nafasi, halafu nakimbia. Nakatisha kwenye mihogo ya jirani, naingia kwa mlango wa jikoni, nabadili kitenge, natokea mbele, naita: Karibuni, poleni, mmetoka mbali. Na umri huu, Niyu. Nahema kama mbwa wa mwindaji, namkaribisha mama yangu nyumbani kwetu, naye ananishukuru na kunibariki mimi na uzao wangu. Tangu hapo mpaka kulala ananiita mwenye nyumba. Jina langu halijui tena.

Akishaingia kuna kuonja. Wewe umekulia hapa, unakumbuka kwamba mgeni hapewi kinywaji kabla mwenyeji hajaonja mbele yake, ajue hakuna sumu. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo kwa pombe tu, tena ilikuwa furaha. Mama ameipeleka kwenye kila kitu. Uji naonja. Maji naonja. Kila tonge la ugali, kila kipande cha kiazi, naanza mimi, naye anatazama koo langu mpaka lishuke. Hata vidonge vya presha najifanya nameza kimoja, nakificha shavuni. Nikija kukaa kwenye sahani yangu chakula kimepoa na tumbo limejaa vionjo. Unajua ni sababu gani kati ya zako zote niliyoirudia mara nyingi? Si vilima, wala Asizi, Mungu anisamehe. Ni pale unaposema huko mtu anakaa mezani tangu mchana hadi jua linainama, sahani moja inafuata nyingine, na hakuna anayemwangalia anavyomeza.

Mwezi wa tatu aliniponyoka. Nilikwenda kuchota maji, Pasikali alikuwa shambani, kurudi mama hayupo, na kifurushi hakipo. Tulitafuta hadi usiku, vijana wakatoka na tochi, wakashuka mpaka mtoni. Mimi mtoni sikwenda. Niliogopa nitakachokiona. Kesho yake ndipo tuliposikia kuna bibi amefika Nyarugusu, kambini kwa wakimbizi, na akina mama wanaokwenda kuuza ndizi. Mdogo wangu, nilimkuta ndani ya foleni ya mgao wa chakula, amekaa juu ya kifurushi, ametulia tuli. Walipomwuliza amevuka lini alisema jana. Na kile Kirundi chake cha kijijini, cha zamani, nani angembishia? Walimpa mkeka na mahali pa kulala. Mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa amempisha mbele yake aliniuliza, "Huyu mama ni ya kwako? Anasema eko peke yake."

Ilibidi mtendaji wetu aje aseme kwamba bibi huyu ni raia, ana shamba na wajukuu. Hapo kila mtu akacheka kidogo, hata mimi. Ila mama alilia. Alisema amepokelewa vizuri, hajamkosea mtu, kwa nini anafukuzwa. Njia nzima alilia, na aliyemfukuzisha ni mimi. Iliniuma, sitakuficha. Miaka yote nampokea kila siku, halafu siku moja watu wasiomjua wanampokea na hao ndio anaowalilia.

Utaniuliza kaka yetu Nsabimana yuko wapi. Yuko Kibondo, mzima, ananenepa. Baada ya hilo la kambini alisema mimi sijui kumtunza mama, akamchukua. Alikwenda naye kwa gari, kwa heshima zote. Walipofika, aliyefungua mlango ni yule kijana wake mkubwa, lile jitu refu. Basi. Mama alikimbilia kwenye mahindi, akagoma kutoka, akagoma na chakula cha wifi kwa sababu wifi alikataa kuonja, akasema hizo ni imani za kipagani. Nsabimana alimrudisha Makere akiwa amekonda yeye kuliko mama. Tangu hapo anakuja na kilo ya nyama na ushauri. Nyama tunakula. Nilipomgusia habari ya Umbria akaniuliza mwanamke wa umri wangu anafuata nini Ulaya. Nikamjibu, kukaa. Akadhani natania.

Binti wa kazi pia tulimjaribu, nakuambia ili usiniandikie kwamba tujaribu. Mtoto mzuri, mchapakazi. Lakini kila akifika kwenye kuonja anacheka. Mama akiona mtu anacheka huku akimpa chakula, hali.

Sasa turudi kwenye barua yako. Kurasa zote zile za vilima na ziwa, na katikati mstari mmoja: nije mwezi wa nane wote, na mama tutamtafutia mtu. Mstari mmoja tu, Niyu. Pasikali nilipomsomea hapo alitoka nje kuwatazama mbuzi.

Nitakueleza jambo ambalo kwenye simu nisingeweza. Nimechoka. Nampenda mama na nimechoka, yote mawili yanakaa pamoja na hakuna linalomwachia mwenzake nafasi. Juzi alichelewa kuamka. Nilisimama mlangoni mwa chumba chake nikaona halijatikisika blanketi, na miguu yangu haikwenda mbele. Nilisimama tu. Kilichonipitia moyoni sitakiandika, maana karatasi hii anaibeba padre. Kisha akakohoa, akaamka, akaomba maji, nikaenda nikaonja nikampa. Siku hiyo nilijua kwamba nisipotoka hapa kidogo nitakuwa mtu mwingine, na mama atakuwa mikononi mwa huyo mtu.

Kwa hiyo nimekubali. Nakuja Umbria. Sababu zako zote nimezipokea, hata ya zeituni, nitachuma kama wakitaka, bora wasinilipishe.

Usishangilie kwanza. Mtu wa kukaa na mama nimeshampata, na ni wewe.

Kaa chini, usome taratibu. Mwezi wa nane ndiyo likizo yako, umesema mwenyewe. Kazi yako huko ni kuwatunza wazee wa watu kwenye ile nyumba yao, unawaogesha, unawalisha, unajua kumshika mtu anayesahau. Mimi nimejifunza kwa kujigonga. Wewe ni mwanamke, utasimama mlangoni. Kirundi chako hakijafa, nakusikia kwenye simu. Na mwenzio nitakuwa nimelala kitandani kwako, natazama hivyo vilima. Mama mkwe wako yupo hapo nyumbani, kwa hiyo sitakaa na shemeji peke yetu watu wakapata la kusema. Kiitaliano sijui, Kiswahili hawajui, ila umesema huyo mama anapenda kupika, na mimi nina njaa. Tutaelewana.

Najua hukupanga hivyo. Ulitaka tukae wote wawili ukingoni mwa ziwa, unishike mkono, unionyeshe kila kitu kama tulivyokuwa tunaonyeshana viota vya ndege. Hata mimi ningetaka, tena sana. Lakini tuko wawili kwa mama mmoja. Wawili hatuwezi kupumzika siku moja.

Njoo wiki moja kabla sijaondoka nikufundishe. Usivae suruali, atakuita kijana. Usimwambie umetoka Ulaya, mwambie umetoka mlimani. Mkifika kwenye mikaratusi usimharakishe, atachoka mwenyewe. Mihogoni pita pembeni, upande wa jirani yetu Nkunzimana, katikati kuna shimo, nimeshaanguka humo. Na usilie mbele yake, Niyu. Ukilia anajua kwamba kuna aliyekufa, ataanza kuhesabu watu wake, na wale ni wengi.

Pasipoti ninayo. Nilikwenda Kigoma kimya kimya, Pasikali peke yake ndiye aliyejua, na wakati huo mama alikuwa na Mpawenimana, aliyekuja na tumbo lake kubwa kunishikia siku hizo. Kwa hiyo usinijibu kwamba karatasi ni ngumu. Upande wangu umekwisha, umebaki wako, na ile barua ya mwaliko uliyosema ubalozini wataitaka.

Kama huwezi kuja, niambie wazi. Sitakununia. Nitaendelea kama nilivyo. Ila picha za ziwa usinitumie tena.

Pasikali anakusalimu sana, anasema umletee shemeji yako yale mafuta ya zeituni, aone watu wanalipia nini. Mpawenimana na mwanawe wanakusalimu. Mtoto hajapewa jina, wanakungojea uchague. Nsabimana na wifi wanakusalimu, hata kama hawajasema. Zaitun anasema karibu Kasulu, kitenge chako ameshakiweka. Wasalimie shemeji Matteo na mama yake, waambie mgeni wao anakuja na halii hovyo.

Mama nilimwuliza leo mchana, wakati anafunga kifurushi, kama ana salamu za kukutumia. Jina lako halijampotea hata kidogo, sijui kwa nini, wakati mwaka ule wa kukimbia hukuwa hata umezaliwa, na mimi ndiye niliyekuwa mgongoni. Akanishangaa. Akasema, "Salamu za nini? Niyubahwe si yuko hapo nyuma, anakuja." Halafu akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye mwenye nyumba, nisifunge mlango kabla mwanawe hajafika. Nikamwambia ndiyo mama, anakuja, sifungi.

Nimeshamwambia. Usinifanye mwongo.

Mungu akufungulie njia, akulinde angani na ardhini.

Dada yako akupendaye, aliyechoka,
Vestina